Simu Isiyopiga

Kwa miezi kadhaa nilitafuta kifaa cha kusomea vitabu, kile chembamba chenye kioo cha kijivu kisichochosha macho. Sikuhitaji rangi, kamera wala muziki. Nilitaka kikae na chaji wiki nzima na kisinimalizie bando, maana vitabu vingi vya zamani hupatikana bure, nami ningevipakua kwa waifai ya ofisini kabla ya kupanda kwa mama Machame kila Jumamosi. Wachagga tunasemwa kwa kubana hela. Kwa hili sikatai.

Moshi mjini vipya vilikuwa ghali. Muuza simu mmoja alinishauri nichukue kishikwambi, eti kinafanya kila kitu. Niliazima cha mwenzangu wa kazini siku mbili, na kila nikifika ukurasa wa tatu ujumbe unaingia, mtu anataka nitazame video. Nikakirudisha kwa mwenyewe.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwetu, mazao yanayotolewa sadaka hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Mwaka huo jirani yetu anayeongoza watalii mlimani alitoa kifaa cha kusomea alichoachiwa na mgeni, kwa kuwa yeye mwenyewe si msomaji. Kuuliza si ujinga, nikamfuata. Akanihakikishia kwamba mgeni alishafuta akaunti yake, na kwamba kinachajiwa kwa waya wa simu za zamani.

Mzee wa kanisa aliyeendesha mnada alikinyanyua baada ya mkungu wa ndizi na jogoo, akatangaza kuwa hiyo ni simu isiyopiga. Watu wakacheka. Nikataja bei ndogo nikidhani nimemaliza. Kutoka kwa kina mama, mke wa mzee huyo akapandisha. Nikapandisha, naye akapandisha. Najua desturi yetu: mwenye haya humtuma jirani amnunulie. Lakini hasira zilishanipanda, nikajiambia kwamba mama huyu anataka tu kitu cha kuchezea wajukuu. Tulishindana mpaka nikakichukua kwa bei iliyoikaribia ya dukani. Mimi, niliyebana hela miezi yote ile.

Njiani kurudi na mama, tukipita kwenye migomba, nilijisifu peke yangu. Mama ni mwalimu mstaafu. Nusu ya waliokuwa pale mnadani aliwafundisha yeye kusoma. Tulipofika nyumbani alinimiminia chai ya maziwa, akaniuliza polepole kama ni kweli herufi za kitu kile zinakuzwa mtu anavyotaka. Nikasema ni kweli. Akaniambia kwamba yeye ndiye aliyemtuma mke wa mzee wa kanisa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

“Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba mwalimu hasomi?”

Niliona aibu sana. Nilikisogeza mbele yake, akakisukuma kurudi kwangu, akasema cha mnada mtu amenunua kwa Mungu, yeye hawezi kuninyang’anya. Nikamjibu kwamba aliyenunua kwa Mungu anaruhusiwa kumpa mama yake. Safari hii hakukisukuma.

Basi nikakaa naye barazani, nikamwonyesha pa kugusa. Kwa bando la simu yangu nilipakua humo kitabu kimoja cha bure cha hadithi za zamani. Nikakuza herufi mara moja, akatikisa kichwa. Mara mbili, bado. Niliendelea mpaka ukurasa ukabaki na mistari sita tu. Mama akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitenge, akaivaa tena. Akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kwa sauti ile ya darasani, na ukurasa ulipokwisha akafungua mwingine bila kuniuliza. Alisoma mpaka chai ikapoa.

Kisha akakiweka mapajani, akaangalia mikono yake.

“Kitabu cha nyimbo nina miaka miwili nakifungua tu,” akasema. “Naimba za kichwani. Zile nisizozijua nachezesha midomo.”

Miaka yote miwili nilikuwa nakaa naye benchi moja, bega kwa bega.