Koti la Jemadari

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na nyumbani kwetu Ruangwa kilio tulishakipata cha kutosha baba alipofariki. Ndiyo maana hadi leo sielewi nini kilinipeleka Nachingwea na koti la kijeshi kwenye begi.

Yalianzia kwenye simu. Napenda anime, katuni za Kijapani, na nilikuwa nawatazama mabinti wa Dar wakivaa kama wahusika wao na kupigwa picha, mtindo wanaouita kosplei. Mhusika wangu mimi ni jemadari wa kike: nywele za bluu, koti refu la kijani, vifungo vya dhahabu, vyeo mabegani, na macho ya mtu asiyeogopa chochote. Nilitaka walau picha moja niwe na macho yale.

Mama ni fundi cherehani pale sokoni, anashona sare za shule. Nilipomwonyesha picha aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole.

"Mwanangu, hii si nguo ya jeshi?"

"Ya katuni, mama. Haina mabaka."

"Raia akivaa nguo ya jeshi kinachompata tunakijua. Na aliyeishona je?"

Nikamwambia nitapiga picha studio, hapa hapa Ruangwa, mlango ukiwa umefungwa. Akashona. Mama hawezi kushona ovyo hata akiwa na hofu. Vyeo alivikata kwenye utepe wa pazia, na kola akaitilia kitambaa kigumu ndani ili isimame. Mwisho, kama afanyavyo kwa kila nguo, akapitisha uzi mwekundu chini ya kola. Ndiyo alama yake. Mteja akileta ubishi kwamba nguo haikutoka kwake, anageuza kola na ubishi unaisha.

Kumbe studio yenyewe ina ukuta wa maporomoko ya maji na maua ya plastiki. Jemadari gani atasimama pale? Rafiki yangu mmoja, mpiga picha wa harusi na sherehe za unyago, anaishi Nachingwea. Akanitumia picha ya tuta la reli ya zamani, ile ya enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, nje kidogo ya mji.

"Jua la jioni pale ni balaa, dada. Njoo."

"Nachingwea? Kwenye kambi ya jeshi?"

"Wanajeshi wana kazi zao bwana."

Nikaenda, na mama sikumwambia. Kwenye Noah ya abiria nililikalia begi njia nzima, na kila gari lilipopunguza mwendo nilichungulia dirishani. Sikujiogopea mimi peke yangu. Niliogopa kuulizwa swali moja tu: nani kashona?

Kwenye tuta nilivua ushungi nyuma ya mkorosho, nikavaa wigi, nikavaa koti. Harufu ya salfa, dawa ya mikorosho, ilikuwa imejaa mashamba yote. Rafiki yangu akaanza kupiga.

"Kidevu juu. Mbona unaangalia barabarani?"

Akanionyesha kioo cha kamera. Nilikuwa na macho ya mbuzi aliyesikia kisu kinanolewa. Tukacheka wote wawili, na katika kucheka kule nikajisahau kidogo. Picha iliyofuata ilikuwa yenyewe. Jemadari alikuwa amesimama pale na sura yangu, akitazama mbele bila wasiwasi, nami nilimpenda sana.

Ndipo pikipiki ikasimama chini ya tuta. Akapanda tutani mwanaume wa makamo, fulana ya kawaida, nywele fupi, mgongo umenyooka. Hakuhitaji kujitambulisha.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Akanizunguka taratibu. "Unajua umevaa nini?"

"Ni ya katuni, baba."

"Nani kakushonea?"

"Nimeshona mwenyewe."

Akanyoosha mkono. "Vua."

Nikavua. Aliligeuza koti, akapapasa vyeo, akakunja kola. Akausimamisha ukucha juu ya uzi mwekundu.

"Sare za wanangu zina uzi huu," akasema polepole. "Mke wangu ni mtu wa Ruangwa." Akanitazama usoni. "Umefanana na fundi wetu. Mama hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

"Msalimie sana."

Akamwamuru rafiki yangu afute picha zote, akasimama pale mpaka ya mwisho ikafutika. Koti akalikunja vizuri, akalitia kwapani, akaondoka. Hakupaza sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nyumbani nikasema picha zimeharibika na koti limebaki studio. Mama hakuuliza. Zile salamu sikuzifikisha. Mama ni mtu wa kutuma kadi za salamu redioni, na husema daima kwamba salamu ni nusu ya kuonana. Hilo ndilo hasa lililonifunga mdomo. Kumpa salamu zile ni kumwingiza yule mwanaume sebuleni kwetu. Kila nilipomwona mtu mwenye nywele fupi karibu na cherehani yake, nilishikwa na baridi.

Jioni moja mama alirudi mapema, akakaa mkekani bila kuvua ushungi.

"Leo kaja mteja," akasema. "Mwanaume, mwendo wa kijeshi. Kaleta sare za wanawe nizipunguze. Kabla ya kuondoka akaniuliza, fundi, salamu zangu zilikufikia?"

Nikaiweka simu chini.

"Nilikukumbuka wewe na lile koti, nikamjibu zimefika. Ningejibu vingine ningekuumbua." Akaificha mikono chini ya kitenge. "Anarudi Ijumaa. Sasa niambie, mwanangu. Nimepokea salamu gani?"