Shikamoo ya Taa

Siku baba alipoondoka sikumwamkia. Alikuwa amenikaripia mbele ya watu kwa kuifungua redio ya jirani vipande vipande, nikanuna. Akapanda lori lake la kabichi, nami nikageuza uso. Huku kwetu, mtoto asiyemwamkia mzazi ni kama amemkana. Tangu hapo ana nyumba nyingine Mombo. Kila wiki hushuka na mzigo kutoka Lushoto, hupita hapa Soni, wala hasimami. Namba yake ninayo, lakini kwenye simu maneno hunikauka.

Mwaka huu mama mwenye duka la matunda aliniomba bodi ya taa.

"Iandike MATUNDA," alisema, "isomeke hata kwenye ukungu."

Nililehemu taa ndogo kwenye plaiwudi, thelathini na tano kwa kila herufi. Nyuma nikaweka chipu niliyoipangia maneno kwa kompyuta ya kuazima. Huwasha mstari mmoja mmoja, lakini upesi mno, hata jicho linaona zote zinawaka pamoja. Niliacha nafasi nane. MATUNDA ni herufi saba tu. Mama wa duka hakuniuliza ya nane ni ya nini.

Alasiri ya kujaribu, ukungu ulikuwa umefika barabarani. Bodi ikaandika SHIKAMOO, kisha BABA.

"Marahaba, mwanangu!" akaitikia mzee mmoja aliyekuwa akiswaga mbuzi.

Wapakiaji wa kabichi, rika langu, wakadakia. "Marahaba! Hujambo, mwanangu? Umekula?"

Hata mtoto wa chekechea akaitikia kwa sauti nzito. Mama wa duka alicheka mpaka akakaa juu ya kreti la mapeasi.

"We mtoto, umekuwa mwana wa Soni nzima! Badilisha, mimi nauza matunda."

"Mama, naomba lori moja lipite kwanza."

Akaacha kucheka. "Haya. Moja."

Likaja, lile la turubai la bluu lenye kiraka. Kwenye kona likapiga honi mara mbili. Lakini kona ile kila lori hupiga honi. Likapunguza mwendo, na kona ile kila lori hupunguza. Kisha ukungu ukalifunika, nikabaki nasikiliza mpaka mlio ukaisha.

Nikaweka MATUNDA, kama nilivyoahidi. Maneno yale sikuyafuta kwenye chipu. Siku ya lori ikifika, mama wa duka huniita mwenyewe.

"Njoo," husema, "mwamkie baba yako."