Wilaya Sita za Mama

Harufu ya ncha za rasta zikiunguzwa kwa kiberiti ndiyo inayonirudisha huko hadi leo. Nikipita karibu na saluni yoyote katikati ya Durban, miguu inazubaa yenyewe, nami nakuwa tena mtoto wa darasa la nne, nimekaa juu ya ndoo katika saluni ya mama yangu mkubwa, nangoja simu. Mama yangu mzazi alikuwa Ujerumani. Tulipotoka Bukavu aliniacha Durban kwa dada yake, akaendelea na safari, akisema akipata karatasi za ukaazi ataniita. Simu yake ilikuja kila Jumamosi alasiri, saluni ikiwa imejaa na teksi nje zikipiga honi bila kuchoka. Niliibana simu sikioni na kuziba sikio la pili kwa kidole.

Mama hakuwa na mengi ya kusimulia, basi akanifundisha mkoa wake. Uliitwa Detmold, wenye wilaya sita na jiji moja, na kila Jumamosi alinipa kipande. Minden-Lübbecke kaskazini, ambako mto Weser unapita, Herford chini yake, Gütersloh magharibi, Paderborn kusini, Lippe mashariki, Höxter, alikokaa yeye, pembeni kabisa, na jiji la Bielefeld katikati. Haba na haba hujaza kibaba. Niliuchora mkoa wote nyuma ya kalenda iliyopitwa na wakati, Mama Mkubwa akaibandika chini ya kioo. Dada mmoja wa Kigoma, nusu ya kichwa imesukwa, aliitazama akacheka: "Eish, mimi wilaya za kwetu zenyewe sizijui!" Hakujua kwamba sikuwa nikijifunza jiografia. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba siku nitakayomaliza wilaya zote, Mama ataniita. Hakuna aliyeniambia hivyo; nilijitungia mwenyewe, nikaamini.

Siku nilipozitaja zote bila kukosea, nilimuuliza, "Sasa nakuja lini?" Akasema, "Ngoja kwanza, mwana yangu. Iko historia yake, tena ni murefu." Akaanza historia. Zamani Lippe ilikuwa nchi ya kujitegemea, ndogo lakini yenye wakubwa wake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaunganishwa na mkoa wa zamani wa Minden, na kama bibi harusi anayejua thamani yake, ikataka ofisi ya mkoa ihamie kwake, mjini Detmold. Ikahamishwa kweli. Habari hiyo nililala nayo na kuamka nayo. Kama ofisi nzima, na meza zake na makabati yake, iliweza kuhamishwa, mtoto mmoja anashindikanaje? "Subira yavuta heri," alisema Mama Mkubwa akinichana. "Na ngoja ngoja yaumiza matumbo," akadakia mteja. Wakacheka wote, mimi nikalia. Historia ilipokwisha Mama aliongeza vijiji, kisha makanisa, kisha madaraja. Karatasi zilikuja nikiwa nimeshavuka umri ambao sheria ingemruhusu kuniita kama mtoto wake.

Siku hizi naishi Westville, pembeni mwa Durban, na uso wa Mama nauona kwenye simu saa yoyote nipendayo, bila kuziba sikio. Mwaka jana nilikwenda kwake kwa mara ya kwanza. Tulipanda treni mpaka Minden, tukasimama darajani juu ya Weser. "Huku ni wapi?" akauliza. Nilidhani ananipima kama zamani. Kumbe hajawahi kufika. Miaka ile, karatasi alizokuwa nazo hazikumruhusu kuvuka mpaka wa wilaya yake bila kibali. Mkoa wote alionifundisha aliusoma kwenye ramani iliyotundikwa juu ya simu, ukumbini mwa nyumba ya wakimbizi.

"Na baadaye, uliporuhusiwa?"

"Niende na nani?" akasema. "Nilikuwa nakungojea."

Nilimkasirikia miaka mingi kwa kunizungusha na vijiji vyake, na pale darajani niliitafuta hasira ile nisiione. Nikamshika mkono, nikamwonyesha kaskazini ni upande gani, nikaanza na Minden. Naye akarudia nyuma yangu.