Kilio cha Kuitia Mbweha

Mlinzi wa jengo letu hapa Hillbrow, katikati ya jiji, akisafisha bunduki yake getini, nikinusa tu mafuta ya bunduki, mkono wangu wa kushoto huanza kuuma.

Papa, baba yangu, alikuwa kibarua kwenye shamba la kuwindia swala, kule nyuma ya kitongoji cha Diepsloot, nje ya jiji. Msimu wa kuwinda ukifika, mbweha walifuata matumbo ya swala, na bosi aliwachukia kama nini. Aliwaita kwa filimbi iliyolia kama sungura aliyeumia, kisha akawapiga risasi. Asubuhi moja filimbi ilipasuka. Bosi akanitazama mimi, mtoto niliyemfuata Papa kazini, akamwambia, “Huyu atafaa.”

Papa akanifinya mkono wa kushoto, akausokota.

“Lia, mama,” akaninong’oneza. Ndivyo alivyozoea kuniita mimi, binti yake. “Lia kidogo tu.”

Nililia. Mbweha jike akatoka kwenye nyasi, chuchu zimejaa maziwa, akanitazama mimi, si bunduki. Bunduki ikalia. Akaanguka, akawa bado analialia.

“Nyamaza sasa, mama,” Papa akasema.

Mimi na mbweha tukanyamaza pamoja.

Siku hizi Papa akinipigia simu, hulalamika: “Mbona huongei, mama?”