Diski Ambayo Mama Zubeda Hakuniruhusu Kufuta

Nilitoka Arua kwa sababu seva ya ofisi ya mbegu huko Koboko ilikuwa imekufa, na ndani yake mlikuwa na majina ya wakulima wote wa kugawiwa mbegu Ijumaa. Asiye kwenye orodha hapati, na mvua haimngojei mtu. Nami, mhitimu wa shule ya jioni, nilijiona daktari wa kompyuta wa bonde zima la Naili.

Jumatano asubuhi nilipanda pikapu ya tumbaku, diski mpya nimeifunga ndani ya kitenge. Vumbi lilikuwa jingi hata ng'ombe walipiga chafya. Kwenye kizuizi, askari aliigeuza ile diski mara mia.

"Hii iko bomu?"

"Iko ya kuweka majina, afande."

"Majina ya nani?"

Nilijuta kufungua mdomo. Aliniachilia, ila macho yake yalinisindikiza mpaka kona.

Koboko, saa sita mchana. Karani wa ofisi, Mama Zubeda, mjane wa askari, aliziba mlango.

"Nani alikutuma?"

"Bosi wako, mama."

"Kuna watu wanataka majina ya wale walirudi kutoka Kongo yapotee, wakose mbegu. Mimi sijui wewe."

Aliponipisha mwishowe, nami nilimshuku: mbona disketi zenye nakala ya majina amezificha ndani ya debe la simsim?

Nilitaka kuifuta diski iliyougua na kuanza upya juu yake, ile mpya ibaki ya akiba. Akaweka mkono juu ya mashine.

"Hapana! Hapa gunia ya zamani haitoki stoo mpaka ya mpya imehesabiwa. Tumia ile yako."

Nikacheka moyoni, nikatii. Niliichomoa ya zamani, nikasimika programu zote kwenye mpya, nikamimina majina kutoka disketi alizozitoa kwenye debe. Mama akasoma majina kwa sauti. Yalifika herufi M, yakakatika. Disketi ya mwisho ilikuwa imeharibika.

"Yasini jirani yangu iko wapi? Umemukula?"

Jasho lilinitoka ndoo mbili. Nikaiunganisha diski ya zamani pembeni, ya kusomwa tu, isiandikwe hata nukta. Ilikoroma kama kinu cha kusaga mahindi, lakini Alhamisi mchana majina yote yalikuwa yametoka. Mama aliyasoma mara mbili, jicho moja kwenye kioo cha kompyuta, jingine kwangu.

Ijumaa Yasini alibeba gunia lake, nami nikarudi Arua. Tangu hapo sifuti kitu kabla orodha mpya haijasomwa kwa sauti, na msomaji lazima awe mtu asiyeniamini.