Gauni la Manjano Chini ya Nguzo

Wiki iliyopita fundi alimwaga maji kwenye shimo kavu nyuma ya nyumba yangu hapa Madogo, na harufu ikapanda mpaka jikoni nilikokuwa nachambua mchele. Mnaoishi nchi kavu mnaijua harufu hiyo. Udongo uliokaa miezi bila mvua ukiguswa na maji hunukia kama chungu kipya, na simiti ikifunguliwa kando yake, kuna ukali fulani unaokwaruza koo. Watu wengi huipenda. Mimi niliacha mchele na kwenda mlangoni kutazama watoto wangu wako wapi. Msinicheke kabla sijawaeleza.

Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi tulipohama mtoni. Mafuriko yalikuwa yamekula nyumba yetu, na Baba akaapa kwamba hatajenga tena mahali ambapo kambare anaingia jikoni bila kubisha hodi. Akapata kiwanja nje ya Garsen, kule uwandani ng'ombe wanakopita kwenda malishoni. Sisi ni Wapokomo, watu wa udongo laini, udongo unaokubali jembe na kukurudishia mpunga. Ardhi ile mpya ilitutisha. Ilikuwa ngumu, imepasuka nyufa ambazo mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko, na kaka yangu Jilo alipodondosha kijiko kwenye ufa mmoja, hatukukiona tena.

Nyanya, mama yake Baba, alihama na mali moja tu aliyoijali: chipukizi la mgomba, limefungwa ndani ya gunia bichi. Alilipanda nyuma ya bafu ili linywe maji yetu ya kuogea. Ukioga harakaharaka, Nyanya alikurudisha ukaoge tena, na si kwa ajili ya usafi wako. Mgomba ule ulikua ukatupita sote kwa urefu, na boma letu zima halikuwa na kijani kingine. Alipoukumbuka mto alikwenda kukaa pale, miguu kwenye tope, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mabati, na mchana iliiva kama tanuri. Nyanya alikuwa na kifua, joto lilimkaba. Ndipo Baba akaamua kumjengea banda la nje, la nguzo na paa tupu, apate kulala kwenye upepo. Akamleta Fundi Kazungu kutoka Garsen, Mgiriama mwembamba aliyefanya kazi huku akizungumza na udongo kama mtu anayegombana na mkewe.

"Ardhi hii ni mnafiki," alimwambia Baba. "Kiangazi ni jiwe, masika ni uji. Ukisimamisha nguzo juujuu, itacheza nayo. Lazima tushuke mpaka chini ya nyufa, tumwage zege huko, ndipo nguzo ikae."

Wakachimba kwa mtaimbo, cheche zikiruka. Mashimo yalikuwa sita, marefu kunipita kifua. Simiti ikachelewa kufika dukani, kwa hiyo kazi ikasimama, mashimo yakabaki wazi. Na sisi pale nyumbani, pamoja na mtoto mchanga wa Mama, tulikuwa watu sita. Hakuna aliyenihesabia. Nilijihesabia mwenyewe, nikarudia kuhesabu kila asubuhi, na kila mara nilitamani tuwe saba.

Jirani yetu Mzee Barisa, Muorma mwenye ng'ombe, alipita akayatazama. "Shimo wazi iko mbaya," alisema. "Ndama yangu itavunja mguu." Akakata matawi ya miiba akayafunika, akaenda zake, kwake habari imekwisha. Kwa Nyanya ndiyo ilikuwa inaanza. Kwetu mtoni, alisema, shimo linalomtosha mtu halilali tupu. Likilala tupu, huita. Mama alimkumbusha kwamba sisi ni watu wa kanisa, na roho za watu ziko kwa Mungu. Nyanya akajibu kwamba hilo yeye analijua tangu Mama hajazaliwa, ila shimo halijasoma Biblia.

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu, kwa sababu mwaka uliotangulia nilikuwa nimeona jambo kwa macho yangu. Babu alifia hospitalini Malindi, na barabara ilikuwa imekatika kwa maji. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Wazee wakakata shina la mgomba, wakalilaza mle ndani badala yake, likalala hadi mwenyewe alipofika. Nilichungulia nikaliona, jeupe, limenyooka, linatoa utomvu. Nikamuuliza Jilo linafanya nini. Jilo, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akaniambia, "Linamshikia Babu nafasi." Maneno hayo nilihama nayo kutoka mtoni.

Mashimo yakiwa bado wazi, nikashikwa na homa. Kichwa kiligonga kama kinu, meno yakagongana juani saa sita mchana. Mama alinipeleka zahanati, nikapewa dawa chungu, nikalazwa mkekani karibu na mlango ili nipate hewa. Nikilala nilikuwa naanguka ndani ya ufa, nikianguka bila kufika chini. Nikiamka nilimwona Nyanya amekaa, hanitazami mimi, anatazama nje, kule kwenye miiba.

Alasiri moja Baba alikuwa amekwenda mjini kufuatia simiti, na Mama alikuwa amempeleka mtoto mchanga kliniki. Nilisikia panga likikata kitu kibichi nyuma ya bafu. Kisha nikamwona Nyanya anakuja, ameinama, amekumbatia shina la mgomba kifuani kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Shina lilikuwa limevishwa nguo. Niliitambua mara moja: gauni langu la manjano, la kuvaa Jumapili, lenye kifungo kimoja cheupe na kingine chekundu. Akaondoa miiba kwenye shimo la pembeni, lile lililokuwa karibu zaidi na mlango. Akapiga magoti. Akaniteremsha.

Ndiyo, nasema akaniteremsha, maana ndivyo nilivyoona. Kisha akafukia kwa mikono, akakanyagakanyaga, akarudisha miiba. Nilijua maana ya mgomba shimoni. Nilikuwa nimeshikiwa nafasi.

Simiti ilifika. Fundi Kazungu akamwaga maji kwanza katika kila shimo, akisema ardhi yenye kiu usipoinywesha itakunywa zege lako, libaki unga. Hapo ndipo niliponusa ile harufu. Alipofika kwenye shimo la pembeni akasita, akapima kwa mti wake, akauliza kwa nini hili limekuwa fupi kuliko mengine. "Kingo zimebomoka," alisema Nyanya haraka, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Fundi akashindilia kidogo kwa mguu, akamwaga zege, akasimamisha nguzo.

Homa iliondoka. Mama alisema ni dawa, Nyanya akaitazama nguzo, na mimi sikuwa na furaha ya kupona kwa sababu sikuamini kwamba nimepona. Niliamini nimecheleweshwa. Nilimwogopa Nyanya kuliko nyoka. Chakula alichopika nilisema nimeshiba. Akiniita nimng'oe mvi, nilijifanya nimetumwa. Mgomba nyuma ya bafu ulikuwa kisiki kilichokauka, na kila nilipooga nilikitazama, maji yakipotea bure kwenye tope. Jilo aliambiwa ulioza. Mimi sikumwambia mtu, kwani ningeanzaje kusema kwamba nyanya yangu amenizika?

Lililonitia hofu zaidi ni kitanda. Banda lilipokwisha, Baba alitaka kukiweka katikati, penye kivuli kizuri. Nyanya akakataa katakata. Alikitaka pembeni, kichwa chake kwenye nguzo ile ile. Mchana kutwa alikuwa juu yake. Jilo au mimi tukisogea kucheza pale, alitufukuza kwa fimbo, na si kwa mzaha. Nguzo nyingine tulizikwea tutakavyo. Ile, ukiigusa tu, alibadilika sura. Nikaelewa kwa akili yangu ya utoto kwamba ananilinda nisitoke.

Masika yakaja. Ardhi ikafanya kama fundi alivyosema, ikawa uji. Nguzo tano zilisimama. Ya pembeni ikaanza kuzama, kidogokidogo, hadi mabati ya upande ule yakaning'inia. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilikwenda kuitazama kutoka mbali. Ikiinama, nami nilisikia kiuno kinauma. Baba alimwomba mama yake ahamishe kitanda, akamwomba tena, Mama naye akamwomba. Alijibu kwamba yeye ni mzee, na mzee hahamishwihamishwi kama kuku.

Kisha alasiri moja upepo ukaja kutoka upande wa malisho, ule unaotangulia mvua, mwekundu kwa vumbi. Nilikuwa nimesimama uani na ndoo. Nikaona nguzo inazama mbele ya macho yangu, kama kwamba kuna mtu chini anaivuta. Nyanya alikuwa ameketi kitandani. Aliniona nimeduwaa, na sijui hadi leo kama nilikuwa nataka kumkimbilia au kumkimbia. Akanyoosha mkono, akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Usije! Kaa huko huko!"

Boriti ikaanguka na mabati juu yake. Baba na Mzee Barisa walimtoa, bega limevunjika, uso umejaa vumbi. Alikuwa anauliza jambo moja tu, kama kuna mtoto chini.

Mvua ilipopungua Baba alichimbua msingi ule kujua umeasi kwa nini. Sote tulisimama pale, Nyanya na mkono wake uliofungwa kwa kanga. Zege lenyewe lilikuwa zima. Chini yake palikuwa na uwazi, na ndani ya uwazi ule ute mweusi unaonuka, na Baba akaingiza mkono akatoa kitambaa. Rangi ilikuwa imekwisha. Vifungo vilikuwepo, cheupe na chekundu.

Baba aliketi juu ya kifusi. "Mama," alisema taratibu, "ungetuua."

"Shimo lilikuwa linamwita," alisema Nyanya. "Nikaliwekea mtu wa mgomba, likatulia. Yeye si yule amesimama?"

Akanigeukia, akaninyooshea ule mkono mzima. Mimi nilikuwa nimeona gauni langu limeoza, na sikusikia kingine. Nilijificha nyuma ya Mama. Nyanya akauacha mkono hewani kidogo, kisha akaurudisha kwenye kanga yake. Bega lile halikupona vizuri, na kabla ya masika mengine kile kifua chake kilimshinda. Alizikwa siku hiyo hiyo aliyochimbiwa. Kaburi lake halikulala tupu.

Nimekuwa mtu mzima, nafundisha sayansi, na mara nyingi nimewaeleza wanafunzi kwamba mti ukioza chini ya msingi huacha pengo. Hayo ni rahisi. Mengine yalinichukua miaka. Ule mgomba ulikuwa mto wake, kijani pekee alichokuwa nacho katika nchi ile kavu, na aliukata kwa mkono wake mwenyewe. Pia alijua kwamba alichokifukia pembeni kitaoza. Hakuweza kumwambia mwanawe aliyejikamua kununua simiti, na hakuweza kukitoa, maana kukitoa kulikuwa kunirudisha mimi shimoni. Kwa hiyo akaweka kitanda chake juu ya mahali pabaya, ili mahali pale pasikaliwe na mtoto. Mimi na yeye tuliogopa shimo moja, na hofu yake ndiyo iliyokuwa kubwa.

Siku chache kabla ya harufu ile ya wiki iliyopita, fundi wangu alichimba mashimo ya kivuli nyuma ya nyumba, kisha akafiwa, akaenda kwao na kuyaacha wazi. Kitinda mimba wangu akaamka na joto mwilini. Joto dogo tu, nilimpima mwenyewe. Hata hivyo nilijikuta nimevuka daraja mpaka sokoni Garissa, mimi mwalimu mzima, namuuliza mama wa matunda kama anajua anayeuza shina la mgomba. "Shina?" alisema. "Dada, mimi nauza ndizi." Nikanunua ndizi, nikarudi.

Nilichukua kiti, nikakiweka kwenye ukingo wa shimo lililo karibu na mlango wa jikoni, nikakaa juani na kazi zangu za kusahihisha mpaka fundi aliporudi. Katikati ya hayo yule mtoto, homa imeshamwacha, akaja mbio kuuliza kwa nini mama yake amekaa juani na kivuli kipo. Nilinyoosha mkono. Sauti iliyonitoka haikuwa yangu.

"Usije! Kaa huko huko!"

Akasimama. Akanitazama kwa macho ninayoyajua, akarudi nyuma taratibu mpaka ukutani. Basi niliinuka nikamfuata, nikachuchumaa mbele yake pale ukutani, nikaanza kumsimulia habari za Nyanya.