Limeshapita Tinde

Nilijifunza kuandika programu peke yangu, kwa kompyuta ya mtumba na video za kwenye simu, kwa hiyo kila kazi ninayopewa naifanya kama mtu anayeogopa kugundulika. Meneja wa ofisi ya mabasi hapa stendi ya Shinyanga aliponiruhusu kutumia runinga ya ukutani kuwaonyesha abiria basi litafika lini, nilichagua kuhesabu dakika. Kila basi lina kifaa kinachotuma mahali lilipo. Programu yangu ilipokea taarifa hizo na kuandika: kutoka Chato, dakika 42.

"Hadi Ijumaa," alisema meneja. "Watu wasipoitumia, tunarudisha mpira kwenye runinga."

Aliyeninyima raha alikuwa mama mmoja anayepokea samaki wa Chato kwa basi la mchana. Alitaka bodaboda wake awepo basi linapoingia, samaki wasikae juani. Jumatatu nilimwamkia.

"Marahaba, ngosha," alijibu. Ndivyo Wasukuma tunavyomwita mwanaume. "Dakika zako mbona zinarudi nyuma? Nilikuta arobaini, sasa hamsini na tano."

"Basi limesimama Isaka, mama. Linapakia."

"Kumbe. Ongeza na za mimi kuzeeka."

Watu kwenye benchi walicheka. Nilicheka nao.

Siku mbili nikapambana na dakika. Niliandika kwenye daftari kila kituo na muda ambao dereva hukaa hapo. Nilikaribia kabisa kupatia, kisha kundi la ng'ombe likavuka barabara Samuye na kuniharibia hesabu yote. Nakiri kwamba niliwachukia ng'ombe wale, mimi niliyekulia kwenye zizi.

Alhamisi nilimkuta yule mama ameipa runinga mgongo, anampigia konda.

"Anasema wako karibu," aliniambia akikata simu. "Konda huyu tangu azaliwe yuko karibu. Wewe si unaliona gari kwenye kompyuta? Liko wapi?"

Nikatazama ramani. "Limeshapita Tinde."

Hakuuliza lingine. Akampigia bodaboda wake: "Njoo, limeshapita Tinde." Kisha akaenda zake kununua vitunguu, bila haraka.

Nilibaki nimekasirika kidogo. Mama huyu ameipita njia ile miaka mingi; akishajua gari liko wapi, muda anaupata mwenyewe, ng'ombe wakiwemo. Mchana ule nilitoa dakika zote. Sikuzifuta, sikuweza, nilizificha kwenye folda. Runinga ikaanza kuandika majina ya mahali tu: halijafika Kahama, limeshapita Isaka.

Ijumaa meneja alikuja na rimoti mkononi. Abiria mmoja akamwahi dirishani kumuuliza basi la Chato limefika wapi. Kabla hajajibu, mama wa samaki alidakia kutoka kwenye benchi.

"Muache baba wa watu. Soma pale. Liko Samuye."

Abiria alisoma, akaketi. Wawili nyuma yake walikuwa wamesimama kwa ncha za vidole, wakinyoosha shingo.

Meneja aliwatazama, akaitia rimoti mfukoni.

"Imekaa chini mno," aliniambia. "Wa nyuma hawaoni. Ipandishe."

Nikaazima ngazi. Kazi ya dakika kumi ilinichukua karibu saa nzima, maana sikutaka ipinde hata kidogo, na hakuna aliyenihimiza.